Ganda la Waya

Reli waliniajiri mwaka themanini na tano,
opereta wa bodi ya simu, stesheni ya Tabora.
Urambo upande huu, Itigi upande ule,
Mpanda ikikohoa kwenye laini ya tatu.
Waya uliochubuka niliujua kwa sauti:
maneno yanafika nusu,
yanafika yamechelewa,
yanafika kwa mtu asiyehusika.
"Ganda limeliwa," nilimwambia fundi Kasanda,
naye akapanda nguzo na utepe wake mweusi.

Kumbe nilikuwa najisemea.

Tisini na nane, jicho la kushoto
likaingia ukungu wiki mbili, likarudi.
Miguu ikafa ganzi Kwaresima,
ikafufuka kabla ya Pasaka.
Nikiinama kufunga kiatu
umeme unateremka uti wa mgongo hadi vidoleni,
kama mtu amepiga simu
halafu akakata.

Waliuita malaria. Waliuita taifodi.
Shangazi Kalunde akaleta mtu kutoka Sikonge,
akafukua chini ya kizingiti, akatoa ukucha wa kuku.
Kuku mwenyewe nilimfuga mimi.
Na Oktoba, jua likikaanga mabati,
goti lilinisahau katikati ya barabara,
watu wa Ng'ambo wakacheka:
mama huyu, wanzuki asubuhi yote hii!

Miaka ishirini na sita.

Ndipo Daktari Mihayo, pale Kitete, kijana, kalamu sikioni,
akanigonga goti kwa nyundo ya mpira
akanyamaza kupita adabu.
Akanituma Dodoma, kwenye lile pipa linalonguruma.
Picha zikaja: ubongo wangu, na ndani yake
madoa meupe, kama chokaa iliyodondoka sakafuni
mpakaji akishaondoka.
"Mama, neva zina ganda.
Lako linaliwa na askari wako mwenyewe."
Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.
"Hiki kimevaa sare ya mlinzi," akajibu.

Nikauliza bei. Kisha nikauliza umri,
maana nina sitini na tatu,
na nilisikia dawa nyingi zilijaribiwa kwa vijana;
ukifika hamsini na tano
dirisha la tiketi linafungwa,
hata kama ulipanga foleni tangu alfajiri.

Hakunidanganya. Nilimheshimu kwa hilo.
Ujanani, alisema, moto unawaka juu,
na dawa za kuuzima sasa ni nyingi,
zamani hapakuwa na hata moja.
Uzeeni moto unashuka chini ya majivu,
unakula kimyakimya,
na dawa ile ile inayomfunga askari muasi
inaweza kuiachia nimonia mlango.
Wapo wa rika langu wanaoachishwa, huku wakitazamwa.
Wapo wanaoanzishwa.
"Watafiti wameanza kuwahesabu wazee," alisema.
"Wameanza," akarudia, akitazama nyundo yake.

Niliyopewa mimi ilitengenezwa kwa saratani ya damu;
nasi wa mifuko mifupi tumeiazima.
Kila miezi sita, tone, tone, tone,
mwanangu Ntundu akinisomea ratiba za mpira.
Sitembei kama zamani.
Ila mwaka huu wote hakuna doa jipya,
na fimbo nimeizoea kama mkwe.

"Na ganda lenyewe?" nilimuuliza.
"Yupo anayelifunga upya?"
Kwa panya wa maabara, ndiyo.
Kwa watu, dalili ndogo, wanajaribu.
"Bado, mama."

Bado.
Neno hilo nimelisema kwenye simu usiku elfu:
treni ya Kigoma? Bado.
Sikuwahi kumaanisha haiji.
Ilikuja, pengine siku ya pili, saa tisa za usiku,
tope la Malagarasi limeganda magurudumuni,
na watu wanashuka, wamelala nusu, wazima.

Jioni naweka kitambaa cha maji shingoni, joto lipungue.
Nainama. Umeme unapita.
Napokea, kwa mazoea ya kazi:
haloo, Tabora hapa.
Laini ni mbaya.
Endelea, nakusikia.